Mpeni Mgonjwa Rangi na Brashi

Katika ukurasa huu wa afya mmezoea kusoma juu ya malaria, chanjo za watoto, maji safi ya kunywa na chakula cha akina mama wajawazito. Hayo yote ni ya lazima. Lakini mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona geni katika ukurasa wa afya, nalo ni kujifunza kuchora. Tunasema hasa juu ya kuchora mandhari ya kijijini pamoja na majengo yake: nyumba ya baba, jiko la nje, ghala, zizi, kanisa juu ya kilima, duka la njia panda. Na kuyachora siyo kama fundi anavyochora ramani ya nyumba, bali kwa namna inayoonyesha jinsi mchoraji anavyojisikia mbele ya mahali pale.

Maoni yetu sisi wauguzi ni haya. Mtu anayepona polepole, mzee asiyeweza tena kwenda shambani, na hata yule anayeuguza, apewe nafasi ya kujifunza kuchora mahali anapopapenda. Na sisi tulio karibu naye tuache tabia mbili: kumcheka na kumsahihisha. Kwa maneno mengine, karatasi na rangi ni sehemu ya uuguzi mwema, kama vile kumgeuza mgonjwa kitandani na kumwosha uso.

MWILI UNATIBIWA, MOYO UNANGOJA

Fikirini mtu aliyevunjika mfupa wa paja. Katika hospitali nyingi za vijijini hulazwa chali, mguu umefungwa kamba yenye uzito, wiki 6, wiki 8, pengine hata 12. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida humeza dawa kwa miezi 6, na kwa muda mrefu hana nguvu za jembe. Aliyepatwa na kiharusi huanza kujifunza upya kushika kijiko. Wote hawa wanapata dawa, uji na kidonda kusafishwa. Lakini saa nyingi za mchana wanatazama dari. Akili isiyo na kazi huanza kuhesabu madeni, shamba lisilopaliliwa, ada za watoto. Baada ya muda mgonjwa anageukia ukuta, anakula vijiko viwili, anasema ameshiba.

Wauguzi wote wanaijua hali hiyo. Mgonjwa aliyekata tamaa hafanyi mazoezi aliyofundishwa, hali vizuri, anasahau vidonge au anaviacha kwa makusudi. Hivyo huzuni yake inarudi mwilini na kuchelewesha kupona. Anayedhani kwamba furaha ya mgonjwa ni mambo ya anasa hajawahi kumlisha mtu asiyetaka kuishi.

Ndipo linapokuja swali: tumpe nini? Redio inasaidia, wageni wanasaidia, sala inasaidia. Lakini katika hayo mgonjwa mara nyingi ni mpokeaji tu. Akiwa na karatasi mbele yake yeye ndiye mtendaji. Anaamua kilima kikae wapi. Anaamua mbingu iwe na mawingu au iwe wazi. Kwa mtu ambaye tangu asubuhi ameamuliwa kila kitu, hata saa ya kwenda chooni, hilo si jambo dogo.

WALIOTUTANGULIA

Jambo hili halikuzuliwa na sisi. Mwaka 1938 mchoraji mmoja Mwingereza, Adrian Hill, aliugua kifua kikuu akalazwa katika sanatorio ya King Edward VII huko Midhurst, kusini mwa Uingereza. Enzi zile hapakuwa na vidonge vya kuua vijidudu vya ugonjwa huo. Tiba ilikuwa kupumzika, hewa safi na chakula. Hill alichora akiwa kitandani, akaona kwamba kunamtoa katika unyong'onyevu. Baadaye akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, wakiwemo askari waliojeruhiwa vitani. Ni yeye aliyeiita kazi hiyo tiba ya sanaa, mwaka 1942, na mwaka 1945 akaandika kitabu juu yake. Leo ni taaluma inayofundishwa vyuoni katika nchi nyingi.

Mfano wa pili ni wa mama mkulima wa jimbo la New York, Marekani, Anna Mary Robertson Moses, aliyezaliwa mwaka 1860. Maisha yake yote alikamua ng'ombe, akatengeneza siagi na kulea watoto. Alipozeeka alipenda kudarizi picha kwa nyuzi, mpaka baridi yabisi ikamfanya ashindwe kushika sindano. Ndugu yake wa kike akamshauri achukue brashi, kwa kuwa inashikika kwa urahisi zaidi. Akaanza kuchora mashamba aliyoyajua tangu utotoni: nyumba za mbao, maghala mekundu, vilima vyenye theluji, watu wadogowadogo wakivuna. Picha zake za kwanza zilitundikwa katika dirisha la duka la dawa la mji mdogo wa Hoosick Falls. Mwaka 1938, naye akikaribia umri wa miaka 78, mtu mmoja mpenda picha alipita pale akazinunua. Mama huyo aliendelea kuchora mpaka karibu na kifo chake mwaka 1961, akiwa na miaka 101, na aliacha picha zaidi ya 1,500. Hakuwahi kwenda shule ya sanaa.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunaye Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyesoma Makerere na kisha London. Yeye alikuwa mwalimu na baadaye Balozi wa Tanganyika huko Uingereza, lakini katika picha zake aliwarudia watu wa Uchagani na kazi zao za kila siku. Picha yake moja ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Naye Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora katika kuta za kanisa la Waanglikana huko Murang'a, Kenya, maisha ya Bwana wetu katikati ya vilima na nyumba za Wakikuyu. Hao hawakuona kwamba mgomba, njia ya udongo na nyumba ya nyasi ni vitu vya aibu visivyofaa kuchorwa.

Na wataalamu nao wamechunguza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 39 waliopewa dakika 45 kutengeneza kazi ya sanaa kama walivyopenda. Mate yao yalipimwa kabla na baada ya kazi, na karibu robo tatu yao walionekana kupungukiwa na kotisoli, ile homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo wa mawazo. Waliowahi kujifunza sanaa na wasiowahi walifaidika vilevile. Huo ni utafiti mdogo. Lakini mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, ikaona kwamba sanaa ina nafasi katika kukinga maradhi na kusaidia matibabu.

KWA NINI NYUMBA NA MASHAMBA?

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusimwambie mgonjwa achore maua, au sura ya mjukuu wake? Achore akipenda. Lakini sura ya mtu ni ngumu kwa anayeanza. Pua ikikosewa kidogo, mjukuu anakuwa mtu mwingine, na mchoraji anakata tamaa siku ya kwanza. Kilima hakikasiriki kikihamishwa kidogo upande wa kushoto.

Pia mandhari yenye majengo ina mambo mawili yanayosaidiana. Miti, mawingu na majani vinauacha mkono uende kwa uhuru. Kuta, milango na mapaa vinauomba mkono ujizuie. Kwa aliyepatwa na kiharusi, au mwenye mkono uliotoka katika plasta, hayo ni mazoezi mema ya vidole, kiwiko na bega, tena asiyoyachoka upesi kama kuminya mpira.

Zaidi ya hayo, nyumba ina habari. Mgonjwa akichora dirisha anakumbuka nani alilala chumba kile. Akichora njia anakumbuka nani alipita hapo siku ya msiba na siku ya harusi. Anaanza kusimulia, na aliyeketi karibu naye anasikia mambo ambayo asingeyasikia kwa kuuliza "unajisikiaje leo?"

NAMNA YA KUANZA

Tunaandika hapa hatua chache ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuata, hata kama mara ya mwisho kushika rangi ilikuwa darasa la tatu.

Kwanza, vifaa. Inatosha karatasi nene, penseli, brashi mbili, moja pana na moja nyembamba, na kijisanduku cha rangi za maji cha wanafunzi. Aliyekosa hivyo atumie mkaa wa jikoni. Udongo mwekundu uliochekechwa vizuri na kukorogwa na uji mwepesi wa muhogo hutoa rangi ya kuta na njia. Kama vidole havina nguvu, zungushieni mpini wa brashi kitambaa mpaka unenepe, na bandikeni karatasi kwenye ubao ili isiteleze.

Pili, kuchagua. Mtu anayeanza hutaka kuweka kila kitu: nyumba tatu, ng'ombe, mto, barabara, mlima na ndege angani. Kateni kipande cha boksi, mkitoboe katikati tundu la mstatili kama dirisha, mchungulie mandhari kupitia hapo. Sogezeni mbele na nyuma mpaka mpate jengo moja lililo mkuu wa picha. Mengine yote yamtumikie huyo mkuu. Aliye kitandani anao dirisha la wodi, nalo hufanya kazi ileile.

Tatu, saa ya kuchora. Mchana wa jua kali bati linang'aa, vivuli vinajificha chini ya vitu, na mashamba yanaonekana kama yamepauka. Asubuhi mapema au jioni vivuli ni virefu, ukuta mmoja una nuru na mwingine una giza, na hapo nyumba inasimama vizuri karatasini.

Nne, fumbeni macho nusu. Ukitazama kwa macho yaliyofumbwa nusu, mambo madogo yanapotea na yanabaki mafungu makubwa ya mwanga na giza. Gawanyeni mandhari katika mafungu matatu tu: penye mwanga mwingi, pa katikati, na penye giza. Chorani mafungu hayo kwanza. Madirisha, misumari na kuku vije mwishoni kabisa, na vingine visije.

Tano, mistari ya mapaa. Hapa ndipo wengi hukwama. Kumbukeni kanuni moja. Kila picha ina mstari ulio sawa na macho ya mtazamaji. Ukuta unaokwenda mbali nasi, mistari yake iliyo juu ya macho yetu, kama ukingo wa paa, hushuka kadiri inavyokwenda mbali. Mistari iliyo chini ya macho, kama msingi wa nyumba, hupanda. Inyosheni penseli mbele ya jicho, muilaze sambamba na ukingo wa paa, kisha muishushe karatasini bila kubadili mlalo wake.

Sita, umbali. Vilima vya mbali vifanyeni vyepesi na vya samawati, vya karibu viwe na rangi nzito. Majani yasiwe ya kijani kimoja kilichotoka moja kwa moja katika sanduku. Changanyeni njano na buluu wenyewe, na mkitaka kijani kitulie ongezeni tone la nyekundu. Kwa rangi za maji anzeni na zilizo nyepesi, zilizo nzito zifuate. Na pale panapotakiwa kung'aa, kama bati jipya, acheni karatasi ibaki nyeupe.

Saba, na hii ndiyo muhimu kuliko zote: jiulizeni mahali pale panawafanya mjisikie namna gani, kisha msaidieni hisia hiyo ionekane. Kama ghala lile linawakumbusha mwaka wa njaa, liwe refu kuliko lilivyo, na mlango wake uwe mweusi. Kama jiko la mama lilikuwa na joto, moshi wake uwe wa rangi ya chungwa ingawa hakuna moshi wa rangi hiyo. Mwendo wa brashi nao useme: nyasi za paa zifuate mteremko wa paa, mvua ianguke kwa mapigo marefu, shamba la mahindi lipigwe mapigo mafupi ya haraka.

RULA SI MWALIMU PEKEE

Tunajua hatua hiyo ya saba itapingwa. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba picha nzuri ni ile iliyonyooka. Mwalimu alichora ubaoni nyumba yenye dirisha mbili na mti wa mviringo, sisi tukanakili, na aliyenakili vizuri akapata alama nyingi. Hivyo leo mgonjwa akichora nyumba yenye ukuta uliopinda, mtoto wake msomi anachukua rula kumnyooshea. Anadhani anamsaidia. Kwa kweli amemnyang'anya picha yake, na mara nyingi mgonjwa hagusi tena brashi.

Hebu tumwangalie mtu ambaye picha zake za mashamba na nyumba leo zinatazamwa na mamilioni. Vincent van Gogh, Mholanzi, aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27. Alianza kwa bidii kubwa ya kujifunza kanuni. Alinakili michoro ya vitabu vya mafunzo, na mwaka 1882 akiwa The Hague alijitengenezea fremu yenye nyuzi za kuchungulia, ili apate mistari ya nyumba na mashamba kwa usahihi. Basi asiseme mtu kwamba alichora hivyo kwa kutojua.

Mwezi Mei 1889, baada ya kuugua vibaya akili huko Arles, aliingia kwa hiari yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Paul-de-Mausole, Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Majengo yake zamani yalikuwa monasteri. Dirisha la chumba chake lilikuwa na vyuma, na nje palikuwa na shamba la ngano lililozungukwa na ukuta. Alikaa humo mwaka mmoja na akachora picha karibu 150. Mojawapo, ya Juni 1889, ni ile maarufu ya usiku wenye nyota. Dirisha lake lilimwonyesha mbingu na vilima, lakini kijiji kile chini ya nyota hakikuonekana kutoka chumbani mwake. Alikiongeza mwenyewe, na mnara wa kanisa lake mrefu uliochongoka unafanana zaidi na minara ya kwao Uholanzi. Mgonjwa aliyefungiwa alijijengea kijiji katika picha, chenye taa madirishani.

Mwaka uliofuata, huko Auvers-sur-Oise karibu na Paris, alichora kanisa la kijiji. Kuta na mapaa yake yanayumba, mbingu ni ya buluu nzito, na njia inagawanyika mbili mbele ya jengo. Kanisa lenyewe lipo mpaka leo, limenyooka kabisa. Anayesimama mbele ya jengo anajua lilivyo. Anayesimama mbele ya picha anajua mtu yule aliteseka namna gani alipolitazama. Kama mtu angemnyooshea kwa rula, tungepata nini zaidi ya ramani?

Hatusemi kanuni za mapaa na umbali hazina maana. Tumeziandika hapo juu kwa sababu zina maana. Anayezijua anaweza kuzivunja kwa kusudi, na asiyezijua huhangaika bure. Lakini kanuni ni fimbo ya kutembelea, haifai kugeuzwa kuwa fimbo ya kumchapa mgonjwa.

TAHADHARI

Maisha ya van Gogh yanatufundisha pia upande wa pili, nao hatupaswi kuuficha. Kule Saint-Rémy, ugonjwa ulipomzidi, alimeza rangi zake, na daktari ikabidi amzuie kuzitumia kwa muda. Na mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Tarehe 27 Julai 1890 alijeruhiwa kwa risasi, na wengi wa waliochunguza maisha yake wanakubali kwamba alijipiga mwenyewe; akafa siku mbili baadaye akiwa na miaka 37. Kuchora kulimsaidia kuishi siku nyingi ngumu, lakini hakukumponya. Enzi zile hapakuwa na dawa tulizonazo sasa.

Basi tusielewane vibaya. Brashi haichukui nafasi ya vidonge vya kifua kikuu, wala ya dawa za shinikizo la damu, wala ya matibabu ya akili. Mkimwona mgonjwa hali, halali wiki nzima, analia bila sababu, au anasema haoni faida ya kuishi, msimwachie karatasi mkaondoka. Mleteni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Mwenye kuchora picha za giza asiogopwe. Mtu aliyefiwa akichora nyumba isiyo na mlango, au mti mkavu, hajarogwa wala haitii nyumba mkosi. Msimkaripie, wala msiichane picha. Ketini naye mmwambie: "Hebu tueleze hapa ni wapi." Kisha nyamazeni, msikilize.

Aliyepatwa na kiharusi akichora upande mmoja tu wa karatasi na kuacha mwingine mtupu, msidhani ni uvivu. Kuna wagonjwa ambao baada ya ubongo kuumia hawautambui tena upande mmoja wa mbele yao, mara nyingi wa kushoto. Mwambieni daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana mtu huyo anaweza pia kuacha nusu ya chakula chake sahanini, au kugonga mlango anapotembea.

Kuhusu rangi zenyewe, chagueni zile za maji za wanafunzi. Rangi za mafuta za kupakia milango na madirisha, pamoja na vimiminiko vya kuziyeyushia, zina mvuke unaoumiza kichwa na kifua, hasa kwa mwenye pumu. Baadhi ya rangi hizo, na hasa za zamani, zina madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto. Wataalamu hawajapata kiasi cha risasi kilicho salama. Kopo la kuoshea brashi lisiwe kikombe cha kunywea, na mikono ioshwe kabla ya kula. Mgonjwa wa kifua kikuu achorie nje kivulini, penye hewa, jambo ambalo ni jema kwake na kwa wenzake.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Wapo wanaosema: "Hatuna fedha za dawa, nanyi mnatuambia rangi." Hoja hii tunaiheshimu, kwa sababu tunawaona ndugu wakiuza mbuzi ili kulipa gharama za kitanda. Dawa kwanza, chakula kwanza. Lakini mkaa na nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita havina bei. Na chupa za soda tunazompelekea mgonjwa wa kisukari, ambazo hapaswi kuzinywa, zingenunua rangi.

Wengine wanasema ni utoto. Mzee mwenye wajukuu, heshima yake iko wapi akionekana na brashi? Tunajibu kwamba Sam Ntiro alikuwa balozi na alichora. Mama Moses alikuwa bibi wa karibu miaka 80. Mzee anayemchorea mjukuu wake nyumba ya babu yake, ile iliyobomoka kabla mjukuu hajazaliwa, anafanya kazi ya mzee: anarithisha.

Wapo pia wanaosema: "Mimi ninayeuguza ndiye niliyechoka, mgonjwa analala." Hao wana haki kuliko wote. Anayeuguza kwa miaka hubeba mzigo usioonekana, na naye huugua. Tunasema naye akae nusu saa jioni na karatasi yake. Nusu saa hiyo mgonjwa hatakufa kwa kuachwa, na muuguzi wa nyumbani atarudi akiwa na uso mwingine.

TUNAWAOMBA

Tunaziomba familia za parokia zetu mambo matatu. Mnapokwenda kumtazama mgonjwa, pamoja na machungwa na uji, chukueni karatasi chache na sanduku moja la rangi. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuchanga na kununua sanduku linalozunguka nyumba kwa nyumba, kama zinavyofanya kwa mambo mengine. La pili, vijana wanaojua kuchora wapeni saa moja kwa wiki wakae na wazee, wawaonyeshe kanuni ya mapaa na ya vilima vya mbali, kisha wawaache. La tatu, picha ikimalizika itundikeni. Itundikwe ukutani mahali ambapo mgonjwa ataiona akiamka, siyo chini ya godoro. Iandikwe nyuma jina la mahali, jina la mchoraji na tarehe.

Na mkiingia mkakuta ukuta wa nyumba ile umepinda, au kanisa la parokia limekuwa la rangi ya zambarau, msiulize kwa nini si kama lilivyo. Vuteni kiti, mumwombe awaonyeshe mlango uko wapi na nani anaishi ndani.